SHOKOA NA RIDHAA: HISTORIA YA NENO "ROBOTI" NA MCHEZO WA KUPIGANISHA MASHINE

Utangulizi

Kati ya maneno yaliyoingia katika Kiswahili upesi na bila ya kuhojiwa, neno roboti ni mojawapo. Liliingia kwa njia ya vitabu vya hadithi, filamu na habari za viwanda vya ng'ambo. Leo hutumiwa hata na mwanafunzi wa shule ya msingi asiyejua lilitoka wapi. Hatuna ugomvi na neno lenyewe. Lakini neno geni huja na mzigo wake, na ni wajibu wa wafasiri, walimu na watumishi wa serikali, ambao aghalabu ndio wapokezi wake wa kwanza, kuufungua mzigo huo na kutazama kilichomo.

Katika makala haya tunakusudia kueleza mambo mawili. La kwanza ni historia ya neno roboti. La pili ni historia ya mchezo uliozuka miongoni mwa mafundi wa Marekani na Uingereza katika miaka ya 1980 na 1990, yaani mchezo wa mtu kuunda roboti yake kwa mapenzi yake mwenyewe na kuipeleka ulingoni ipigane na roboti ya mwenzake. Baada ya hapo tutatoa mapendekezo machache ya istilahi.

Mfano wetu wa nyumbani utakuwa Matambarale, katika nchi ya Nachingwea na Ruangwa, mkoani Lindi. Huenda msomaji akashangaa, kwa maana Matambarale haikuwa na ulingo wa roboti. Hata hivyo sehemu ile ya kusini imepitiwa na mambo matatu yanayouhusu mchezo huu kwa karibu: kazi ya kulazimishwa, mashine za vita zilizobadilishwa kazi, na madini yatumiwayo ndani ya betri. Madhali mambo hayo yamekutana mahali pamoja, tumeona ni vyema tuanzie huko.

Neno lililozaliwa na shokoa

Ni nadra kwa neno kujulikana mwaka wake wa kuzaliwa na wazazi wake. Neno roboti lina bahati hiyo. Mwaka 1920 mwandishi wa Kicheki, Karel Čapek, alitoa tamthilia iitwayo R.U.R., ambayo ilichezwa mjini Prague mwezi wa Januari 1921. Katika tamthilia hiyo kiwanda kimoja kinatengeneza viumbe mfano wa wanadamu ili wawafanyie watu kazi zote. Mwandishi alipokuwa akitafuta jina la viumbe hao, ndugu yake Josef, aliyekuwa mchoraji, alimpendekezea neno lililotokana na robota. Na kwa sadfa, wingi wa neno hilo katika Kicheki ni roboti, sawasawa na tunavyolitamka sisi.

Robota lilikuwa jina la kazi ambayo mkulima mtwana alilazimika kumfanyia mwenye ardhi kwa siku kadhaa bila ya malipo. Utaratibu huo ulifutwa katika milki ya Austria mwaka 1848, lakini neno lilibaki na uchungu wake. Kiswahili nacho kina neno lake kwa kazi ya namna hiyo, nalo ni shokoa. Tena kinalo neno manamba, walioitwa hivyo vibarua wa mashamba makubwa waliotambuliwa kwa namba zao. Lau mwandishi yule angaliandika kwa Kiswahili, huenda viumbe wake wangaliitwa kwa moja ya majina hayo mawili, na watazamaji wa pwani na bara wangalielewa mara moja bila ya kufafanuliwa.

Watu wa kusini wangalielewa zaidi. Chini ya utawala wa Wajerumani kodi ya nyumba ilianza kutozwa mwaka 1898, na kuanzia mwaka 1902 wanavijiji walilazimishwa kulima pamba katika mashamba ya pamoja, kazi ambayo ujira wake ulikuwa kama hakuna. Mwezi wa Julai 1905 watu wa vilima vya Umatumbi waling'oa miche ya pamba, na vita vya Maji Maji vikaanza. Vilienea hadi Liwale, Masasi na nchi za jirani, na havikuzimwa kabisa hadi mwaka 1907. Miaka 15 baada ya pamba ile kung'olewa, Čapek alitunga tamthilia ambayo ndani yake viumbe walioumbwa kwa ajili ya shokoa wanaasi na kuwapindua mabwana zao. Hatusemi kwamba alipata kusikia habari za Umatumbi. Tunachosema ni kwamba neno lile, tangu siku ya kwanza, lilikuwa limebeba swali ambalo babu zetu walikwisha kulijibu kwa vitendo: je, kiumbe afanyaye kazi asiyoitaka atavumilia mpaka lini?

Baadaye neno lilianza kutangatanga. Roboti za Čapek zilikuwa na nyama na damu, ila zilitengenezwa kiwandani. Watu wa baadaye ndio waliozivisha chuma. Mwaka 1941 mwandishi Isaac Asimov alilitumia neno robotiki kwa maana ya taaluma ya roboti. Mwaka 1961 mkono wa chuma ulioitwa Unimate ulianza kazi katika kiwanda cha magari cha General Motors huko New Jersey, nchini Marekani, na roboti ikawa kitu cha kweli. Kwa upande wetu wa dunia, watu wa Afrika Kusini wameita taa za barabarani kwa jina la roboti. Na huko Kongo, mwaka 2013, mhandisi Thérèse Izay Kirongozi na wenzake walisimamisha mjini Kinshasa roboti kubwa za alumini, zenye umbo la mtu na zitumiazo nguvu ya jua, ili ziongoze magari katika njia panda. Katika maana zote hizo jambo moja halikubadilika: roboti ni kitu kilichowekwa kufanya kazi kwa niaba ya mwanadamu.

Vifaru vilivyolima karanga

Kabla ya kuuingia mchezo wenyewe, yatupasa turudi Nachingwea. Mwishoni mwa mwaka 1946 serikali ya Uingereza ilitangaza mpango mkubwa wa kulima karanga Tanganyika ili kupata mafuta ya kula baada ya vita. Kazi ilianza mwaka 1947. Ilikusudiwa kufyekwa eka 3,210,000 katika sehemu tatu, yaani Kongwa, Urambo na Jimbo la Kusini, ambako makao yake yalikuwa Nachingwea. Reli ilijengwa kutoka pwani hadi Nachingwea, na bandari ya Mtwara ikachimbwa.

Matrekta hayakutosha. Wakuu wa mpango walinunua mitambo mikuukuu ya jeshi la Marekani iliyokuwa imeachwa Ufilipino. Tena kampuni ya Vickers-Armstrongs ya Uingereza ilitengeneza matrekta kwa kutumia vyuma vya vifaru vya aina ya Sherman vilivyokwisha kupigana. Trekta hilo lilipewa jina la Shervick, nusu kutoka kwa jina la kifaru na nusu kutoka kwa jina la kampuni, nalo likaletwa Tanganyika kung'oa visiki. Mashine iliyoundwa kuua watu ilikuwa sasa inapigana na miti.

Haikushinda. Ardhi ilikuwa ngumu, mvua haikutegemewa, mitambo iliharibika upesi na vipuri havikupatikana kwa wakati. Mwezi wa Januari 1951 mpango uliachwa, na hasara ilitajwa kuwa pauni milioni 36. Reli ya kusini ilifungwa na kung'olewa mwanzoni mwa miaka ya 1960. Tangu miaka hiyo ya 1960 hadi uhuru wa Msumbiji mwaka 1975, Nachingwea ilikuwa kambi ya mafunzo ya wapiganaji wa FRELIMO, na silaha zikaja tena, safari hii kwa ajili ya ukombozi.

Tunayataja haya kwa sababu ya lugha. Wakati kifaru cha chuma kilipotokea vitani, Kiswahili hakikuazima neno. Kilitazama mnyama mwenye ngozi ngumu aendaye mbio bila ya kugeuka, kikampa kile chombo jina lake. Vivyo hivyo zamani kilitazama gogo la nyuki lililochongwa likawa wazi ndani, kikauita mzinga ule utoao moto. Bunduki ya rashasha kikaiita bombomu kwa sauti yake. Hakuna kamati iliyokaa ili kutunga majina hayo. Yalitungwa na watu waliovitazama vitu vyenyewe, pengine askari na wapagazi, nayo yamedumu kuliko istilahi nyingi zilizotungwa ofisini.

Mfagiaji aliyegeuka mpiganaji

Sasa tuuendee mchezo. Mwanzo wake haukuwa mmoja. Mjini San Francisco, tangu mwaka 1978, msanii Mark Pauline na kikundi chake walionyesha mashine kubwa zilizoharibiana mbele ya watu, lakini hayo yalikuwa maonyesho, hayakuwa mashindano. Mjini Denver, yapata mwaka 1987, wapenzi wa hadithi za sayansi walianza kushindanisha mashine ndogo ndogo juu ya meza. Nchini Japani, kuanzia mwaka 1990, vijana walishindana kwa roboti zilizosukumana nje ya duara kwa mfano wa mieleka ya sumo.

Aliyeupa mchezo sura tunayoijua ni Marc Thorpe, fundi na msanii wa San Francisco aliyewahi kufanya kazi katika utengenezaji wa vifaa vya filamu. Mwaka 1992 alifunga mashine ya kufyonza vumbi juu ya kifaru cha kuchezea kilichoongozwa kwa redio, akitaka kitu hicho kimfagilie nyumba. Katika kufagia hakikufaa. Lakini alipokitazama kikienda huku na huko, aliona kwamba kinavutia kwa sababu nyingine. Mwezi wa Agosti 1994, katika ukumbi wa Fort Mason mjini humo, alifanya mashindano ya kwanza aliyoyaita Robot Wars.

Tunamwomba msomaji asilipite tukio hilo haraka. Kitu kilichoundwa kwa ajili ya robota, yaani kazi ya nyumbani isiyopendwa na mtu, kilikataa robota na kikawa mchezo. Kwa miaka 70 na zaidi neno roboti lilikuwa limetuzoeza kufikiri juu ya mtumwa wa chuma. Hapa kwa mara ya kwanza watu wengi walitengeneza roboti ambazo hazikuwa na kazi yoyote ya kufanya.

Mashindano ya Thorpe yaliingia katika mgogoro wa kisheria na wabia wake wa biashara, yakasimama. Lakini mchezo ulikuwa umekwisha kuvuka bahari. Mwezi wa Februari 1998 shirika la utangazaji la Uingereza, BBC, lilianza kuonyesha Robot Wars katika televisheni. Mwaka 1999 Trey Roski na Greg Munson, waliokuwa wameshiriki mashindano ya San Francisco, walianzisha BattleBots mjini Long Beach. Mashindano hayo yalionyeshwa katika televisheni ya Marekani kuanzia mwaka 2000 hadi 2002, na yakarudi mwaka 2015. Uingereza nayo ilirudisha yake kati ya mwaka 2016 na 2018. Inafaa kukumbuka kwamba Tanzania Bara ilianza kupata vituo vya televisheni mwaka 1994, mwaka ule ule wa mashindano ya Fort Mason. Kwa hiyo mtazamaji wetu wa kwanza aliupokea mchezo huu ukiwa umekwisha kukomaa na kupewa majina na wenyewe.

Sheria zake kwa muhtasari ni hizi. Roboti hugawanywa kwa uzito, kama mabondia. Zipo za gramu 150, ziwezazo kukaa katika kiganja, na zipo zikaribiazo kilo 113. Pambano huchukua dakika tatu, ndani ya ulingo uliozungushiwa kuta za plastiki ngumu isiyopenywa na vipande vya chuma. Fundi husimama nje na kuiongoza mashine yake kwa redio. Anayeshindwa ni yule ambaye roboti yake haiwezi tena kutembea. Ikiwa zote mbili zingali zinatembea, waamuzi huangalia ni ipi iliyoshambulia zaidi, iliyoongozwa vizuri zaidi na iliyoharibu zaidi. Tena ni sharti kila roboti iwe na kiungo cha kukatia umeme, na silaha yake isimame yenyewe mawasiliano ya redio yakipotea. Kwa hiyo anayejifunza mchezo huu hujifunza usalama kabla ya kujifunza kupiga.

Kwa nini mchezo huu huvutia

Mtu aweza kuuliza: kwa nini mtu mzima atumie miezi mingi na fedha zake kuunda kitu ambacho kitavunjwa kwa dakika tatu?

Jibu la kwanza ni kwamba ushindani wa kivita usiomwaga damu ni furaha ya zamani sana, nasi tunayo mifano yetu. Pemba wana mchezo wa ng'ombe, ambao ndani yake ng'ombe huchokozwa na kukwepwa, wala hauawi. Na mwanzoni mwa karne ya 20 ngoma ya beni ilienea kutoka pwani hadi bara. Vikundi vyake vikubwa, Marini na Arinoti, vilivaa sare, vilipeana vyeo vya kijeshi, vilipiga gwaride na kushindana kwa mapambo na nyimbo. Wakati wa Vita vya Kwanza vya Dunia askari na wapagazi waliisambaza mbali. Watu waliokuwa wamebebeshwa mizigo ya vita vya wengine walijitungia jeshi lao wenyewe, la mchezo, ambalo ndani yake cheo hakikutolewa na mkoloni. Anayemshangaa fundi wa roboti hana budi amshangae pia ofisa wa beni.

Jibu la pili ni la kifundi. Kwa sababu uzito una mpaka, kila gramu hugombaniwa. Fundi akiongeza bamba la kinga, hupunguza mota. Akiongeza silaha, hupunguza betri. Hakuna roboti iliyo bora katika kila jambo. Chukua ile yenye gurudumu zito lizungukalo kwa kasi. Nishati ya gurudumu hilo hukua kwa mraba wa kasi yake: kasi ikizidishwa mara mbili, pigo huwa mara nne, ikizidishwa mara tatu, pigo huwa mara tisa. Lakini pigo humrudia pia mpigaji, na roboti nyingi zimevunjwa na silaha zao wenyewe. Mwalimu wa fizikia akiliandika jambo hili ubaoni, wanafunzi watalinakili. Wakiliona ulingoni, hawatalisahau.

Jibu la tatu ndilo tunaloliona kuwa kubwa zaidi. Baada ya pambano fundi huikusanya mashine yake vipande vipande, huiweka mezani, na kuanza kutafuta bolti iliyokatika na waya uliochomoka. Mara nyingi mshindi wake huja kumsaidia na humwazima spana na vipuri ili awahi pambano lijalo. Jambo hili ni desturi inayojulikana miongoni mwa mafundi hao. Kazi yao ni nzito, hufanywa usiku baada ya ajira ya mchana, na aghalabu haina malipo. Lakini haifanani na shokoa hata kidogo, kwa sababu hakuna aliyewatuma.

Istilahi: ridhaa

Hapa ndipo mfasiri hukwama. Mtu afanyaye kazi ya namna hiyo aitweje? Nchini Kenya neno uraibu hutumika kwa maana ya jambo alipendalo mtu wakati wa mapumziko. Kwa msomaji wa Tanzania neno hilo bado linanuka tambuu na tumbaku: uraibu ni mazoea yaliyomteka mtu, na siku hizi latumika hata kwa madawa ya kulevya. Ukiandika kwamba kijana ana uraibu wa roboti, mzazi wake atamtafutia mganga. Mitaani wapo wasemao hobi, neno ambalo halina kosa ila halisemi kitu.

Lakini wanamichezo wetu wana neno zuri ambalo halikutungwa kwa ajili ya mafundi. Husema ngumi za ridhaa, kuzitenga na ngumi za kulipwa. Ridhaa ni kukubali kwa moyo, bila ya kushurutishwa. Tunapendekeza basi tuseme fundi wa ridhaa na roboti za ridhaa. Faida yake si ufupi peke yake. Ridhaa ni kinyume halisi cha shokoa, na shokoa ndiyo maana ya asili ya roboti. Msomaji atakapokutana na maneno roboti ya ridhaa atakuwa, pengine bila ya kujua, ameisoma historia nzima ya neno hilo: jinsi lilivyoanzia kwa mtwana na likafika kwa mtu huru.

Kuhusu silaha zenyewe, tunaona hakuna haja ya kutunga jambo. Roboti yenye bapa la mteremko liingialo chini ya adui ni kabari, neno alijualo kila mpasua kuni. Ile ambayo mwili wake wote huzunguka ni pia, kama pia ya watoto. Ile imnyanyuayo mwenziwe na kumpindua chali hupiga mweleka, nayo yaweza kuitwa mpiga mweleka. Chombo chake cha kunyanyulia ni wenzo. Ile ibanayo ni koleo, na zile zipigazo kutoka juu ni nyundo au shoka. Mahali pa pambano ni ulingo, neno ambalo mkulima wa kusini huliona kwanza shambani, akikumbuka jukwaa analokaa kuamia ndege na nguruwe, kabla ya kukumbuka mabondia. Beringi, gia, mota, swichi na rimoti zimekwisha kukaa katika karakana na gereji zetu, na kuziondoa kungekuwa kujisumbua bure. Somo la kompyuta latosha: yalipendekezwa maneno ngamizi na tarakilishi, yote mawili ya kazi njema, lakini kwa Tanzania watu walikuwa wamekwisha kuzoea kompyuta.

Limebaki suala la ngeli. Tuseme roboti imevunjika au roboti amevunjika? Katika mkataba, katika kitabu cha kiada na katika waraka wa ofisi tunashauri upatanisho wa kitu: roboti hii, roboti hizi. Katika hadithi na katika utangazaji wa pambano, mtangazaji akisema roboti amelala chali, asisahihishwe. Sungura wa ngano zetu huvaa nguo na hudanganya watu. Kiumbe cha chuma nacho chaweza kupewa uhai kwa dakika tatu.

Wapo pia wahakiki wasemao kwamba mashine iongozwayo na mtu kwa redio si roboti, kwa kuwa haiamui lolote yenyewe. Hoja hiyo ina nguvu katika taaluma ya robotiki, na mfasiri wa vitabu vya uhandisi hana budi kutofautisha roboti ijiendeshayo na ile iendeshwayo kwa mbali. Lakini mchezo umekwisha kupata jina lake duniani kote, wala si kazi yetu kuwanyang'anya wachezaji jina hilo.

Kinywe cha Matambarale

Turudi Matambarale kwa mara ya mwisho. Katika miaka ya 1990 roboti za ulingoni zilitumia betri nzito za risasi na za nikeli na kadimi. Baadaye zikaja betri za lithi, nyepesi na zenye nguvu nyingi, na umbo la mchezo likabadilika, kwa kuwa uzito uliookolewa uliongezwa katika silaha. Ndani ya sehemu kubwa ya betri hizo upande wa hasi hutengenezwa kwa madini meusi, laini, yenye kuteleza, ambayo ndiyo yaandikayo ndani ya penseli. Kwa Kiswahili madini hayo huitwa kinywe. Wilaya ya Ruangwa ina hazina kubwa ya kinywe, na mradi wa Lindi Jumbo uko katika eneo la Matambarale.

Neno kinywe ni mfano wa jambo lililofanywa vizuri. Ni fupi, lina sauti ya Kibantu, na latumika katika nyaraka za serikali na magazetini. Mwanakijiji anayezungumza na ofisa wa madini juu ya fidia ya shamba lake anaweza kulitamka bila ya kuona haya. Lakini neno hilo huishia kwenye shimo la mgodi. Kinywe kikishatoka kikaenda ng'ambo, kikasafishwa na kuingizwa ndani ya betri, kila kitu kinachokifuata huwa na majina ya kigeni. Mtoto wa Matambarale anajua jina la jiwe, hajui jina la kile ambacho jiwe limekuwa.

Mtoto huyo si mgeni wa ufundi. Kama watoto wa vijiji vingi vya nchi yetu, hutengeneza gari la waya lenye magurudumu ya kandambili zilizokatwa, huliendesha kwa fimbo ndefu yenye usukani, na hushindana na wenzake njiani. Huvunja betri ya tochi iliyokwisha na kutoa kijiti cheusi cha kaboni ili achoree ukutani. Gari lake ni mashine ya ridhaa, wala hakuna aliyemtuma kulitengeneza. Kilichobaki kati yake na ulingo wa Long Beach ni mota, betri, mwalimu, na maneno ya kumfundishia. Mota na betri zitaletwa na biashara. Mwalimu ataletwa na serikali. Maneno hayawezi kuletwa na mtu mwingine isipokuwa sisi.

Hitimisho

Tumeona kwamba neno roboti lilizaliwa na kazi ya kulazimishwa, na kwamba mchezo wa kupiganisha roboti ulizaliwa siku mashine moja ilipokataa kufagia. Tumeona pia kwamba nchi ya Nachingwea na Ruangwa ilijua kazi ya lazima, ikaletewa vifaru vilivyogeuzwa matrekta kwa mpango ambao wenyeji hawakuulizwa, na sasa inatoa kinywe. Mara tatu kusini imetoa jasho au mali kwa jambo lililopangwa na kutajwa kwa lugha ya wengine. Haifai iwe hivyo mara ya nne.

Kwa walimu tunapendekeza kwamba wasingojee vifaa. Kabari, wenzo, pia na gurudumu vyaweza kufundishwa kwa mbao na gari la waya, kwa majina haya haya, hata kabla ya mota ya kwanza kufika shuleni. Kwa wafasiri tunapendekeza wapite kwanza karakana na uwanja wa watoto kabla ya kufungua kamusi ya lugha ya kigeni. Kwa watumishi wa serikali tunaomba kwamba mikataba na ripoti za madini zitaje kwa Kiswahili kile kinywe kinachogeuka kuwa, na siyo kile tu kinachochimbwa.

Mapendekezo yetu ya fundi wa ridhaa, roboti ya ridhaa, kabari, pia, mpiga mweleka na wenzo yako mbele ya wasomaji. Anayejua neno bora zaidi kutoka gereji, shamba au mchezo wa nyumbani kwao atuletee, pamoja na maelezo ya mahali linapotumika na watu walitumiao.